Sinema ya Kinu cha Pamba

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Nagongera nikipigania bei ya gunia la mashudu ya pamba, yale ya kulishia ng'ombe. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno matamu. Nilikuwa nimeshamshusha mara mbili, bado kumgeuzia mgongo tu ili ashuke mara ya tatu. Ndipo akafungua mdomo wa gunia nione mali. Harufu ikanipanda: mafuta mazito, vumbi, kitu kama karanga zilizosahauliwa motoni. Nikaketi juu ya gunia la mtu mwingine, nikalipa bei ile aliyoitaja mwanzo. Wanaonijua pale sokoni bado wanalizungumza jambo hilo. Hawajawahi kuniona nikilipa bei ya kwanza, na mimi mwenyewe sijawahi kujiona.

Kijana hana kosa. Harufu ile ni ya mama yangu, ambaye tumemzika majuzi, ingawa mama hakuuza pamba hata siku moja. Yeye aliuza samaki wakavu.

Tuliishi Busia upande wa Kenya, katika boma la Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Mwisho wa kila juma mama na mimi tulipanda basi na vikapu viwili vya samaki, tukauza Tororo, upande wa Uganda, Ijumaa na Jumamosi, tukarudi. Mpaka wenyewe siku hizo ulikuwa mti mmoja uliolazwa barabarani, askari mmoja wa kuuinua, na bendera mbili ambazo jua lilikuwa bado halijazipausha. Mama hakwenda shule. Mimi nilikuwa darasa la tatu, kwa hiyo nilikuwa karani wake. Nilihesabu samaki wakiingia kikapuni na nikawahesabu wakitoka, maana samaki mkavu ana tabia ya kutembea. Njiani nilihesabu nguzo za simu. Mtoto aliyezoea kuhesabu huona dunia yote ni kikapu cha mama yake.

Aliyenifundisha kuhesabu mara mbili ni Wandera. Huyo alikuwa kaka yangu, kifungua mimba wa mama, kijana wa miaka kama kumi na saba, mrefu, mwenye baiskeli isiyo na breki. Alinipakia nyuma na kuniambia nihesabu miembe ya barabarani. Nikimaliza alisema, "Sasa hesabu tena, Nabwire. Hesabu ya kwanza ni ya macho. Ya pili ndiyo ya kichwa."

Asubuhi moja alikutwa amejitoa uhai. Sitaandika alivyofanya. Kwa nini, hakuna aliyejua, ingawa kila jirani alikuwa na jibu lake. Kwetu mtu wa namna hiyo haliliwi. Mti ulikatwa ukachomwa mpaka mizizi, yeye akazikwa siku hiyohiyo nje ya ua, na Baba mkubwa akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake wafunge vinywa. Anayemlilia wa hivyo, alisema, anakionyesha kifo njia ya kurudi bomani kuchukua mwingine. Hakusema kwa ukali. Alikuwa na watoto wadogo sita, alikuwa anaogopa.

Baba alipofariki alililiwa siku nne, nilihesabu. Wandera alililiwa sifuri. Na kwa kuwa jina lake halikutakiwa tena kutajwa, watu walioamka wakimwita mama yangu Mama Wandera, walilala wakimwita Mama Nabwire. Nami nilifurahi. Nilidhani nimepandishwa cheo.

Mama alianza kukohoa. Hakuwa na homa wala makohozi. Alikohoa kikohozi kikavu kilichomkata katikati ya sentensi, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Nikamletea matonge makavu ya ugali ayameze bila kutafuna, kama tufanyavyo kwa mwiba. Aliyameza yote. Hakuniambia hata mara moja kwamba hayasaidii.

Pale Tororo, jirani na soko, palikuwa na studio ya picha ya Bwana Jayanti. Alikuwa Mhindi mnene, mpole, anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kipajini. Baada ya miaka mingi ya kupiga picha za harusi na ubatizo aliamua kutengeneza sinema. Si ya harusi. Sinema ya kutisha, ya jengo lenye mzimu. Jengo lilikuwepo tayari, kinu cha kuchambulia pamba kilichofungwa, nje kidogo ya mji. Kilikuwa na orofa mbili za mabati yaliyooza, mashine zimelala chini ya vumbi, na mbegu za pamba ghalani zinazochacha zenyewe. Wenyeji walikipitia mbali hata bila sinema. Pesa ndizo hazikuwepo. Mzimu alikuwa mpwa wake, fundi cherehani, aliyevikwa shuka na kupakwa unga wa ngano. Damu ilikuwa dawa nyeusi ya viatu iliyokorogwa na sukari guru. Kamera ilipanda toroli la kubebea magunia, nyayo za mzimu zikapigwa na mtu mwenye vifuu viwili vya nazi. Popo peke yao walikuwa wa kweli, na hao hawakudai kitu.

Kilichomshinda ni kilio. Hadithi yake ilitaka wanawake waingie kinuni mwishoni waomboleze, kwa hiyo akaja sokoni kwetu kuwatafuta. Nakumbuka alivyosimama mbele ya meza ya mama, soda mkononi, akiwaomba wauza samaki kama mtu anayeomba moto wa kuwashia jiko. Walie kidogo tu, atawalipa. Wanawake wakamtazama. Mmoja wa kutoka Petta, jina lake Mama Owere, mwenye mkono mzito na ulimi mwepesi, ndiye aliyemjibu.

"Bwana, huko nani amekufa?"

"Hapana nani. Sinema tu."

"Basi kilio hakuna. Mtu nalia bure, kifo nasikia. Nasema, nani naniita? Nakuja nyumbani kwake kuuliza."

Wenzake wakaitikia. Bwana Jayanti akaongeza bei, wao wakaongeza kutikisa vichwa. Mimi nilishangaa. Niliwajua wanawake wale. Walikuwa na uwezo wa kumuuzia mtu samaki mmoja mara mbili. Leo wanakataa pesa ya bure?

Mama alikuwa anapanga samaki. Akauliza, bila kuinua macho, huyo mzimu wa kwenye hadithi ana shida gani. Bwana Jayanti akafurahi kuulizwa. Alikuwa kijana mfanyakazi wa kinu, akaeleza, akafa vibaya, na hakuna aliyemlilia. Kwa hiyo anapanda ngazi, anashuka ngazi, anawasha mashine, anasumbua kila anayelala mle.

"Halafu akililiwa?" mama akauliza.

"Akililiwa, basi. Nalala. Nyumba kimya. Sinema kwisha."

Mama akakohoa kwa muda. Kisha akasema, "Mimi ninaye wa kulilia. Nitatangulia. Nyinyi mtanifuata tu."

Mama Owere akaweka kisu chake chini. "Mama Wandera," akasema, "una hakika?"

Nilitaka kumsahihisha: siku hizi ni Mama Nabwire. Lakini akili yangu ilikuwa imeshakimbilia kwingine. Niliona ujanja wa mama na ukanipendeza sana. Wanawake wanataka maiti ili walie, Mhindi anataka kilio ili alipe. Mama kachukua maiti ambaye hana matumizi nyumbani, kamleta sokoni. Nilisema moyoni, kumbe mama ni mfanyabiashara kuliko wote. Nikaona nami nisiaibishe ukoo. Nikamwambia Bwana Jayanti kwamba waliaji ni wanne na bei aliyotaja ni ya mmoja. Tukavutana, yeye na miwani yake miwili, mimi na meno yangu yenye pengo. Mwisho nikapata kwake, juu ya malipo, picha moja ya studio ya mama na mimi, bure.

Tulikwenda kinuni Jumamosi, adhuhuri. Madirisha kumi na moja. Nilipohesabu tena yakawa kumi na mawili, maana moja lilikuwa nyuma ya mashine. Yote yalikuwa yamezibwa mablanketi ya kukodi, ndani ukawa usiku wa mchana, na harufu ile ya mbegu za pamba ikatukaa kooni. Mzimu alikuwa ameketi kwenye ngazi anakula muhogo kwa uangalifu ili unga usimtoke mdomoni. Nilimwuliza kama anaogopa humu ndani. Akaniambia anaogopa panya.

Mama hakungoja kuambiwa. Aliingia, akasimama katikati, pale ambapo jua lilipenya tundu la bati, akaweka mikono kichwani. Nilikuwa sijasikia sauti ile tangu msiba wa baba. Ilianzia chini, kama lori linalopanda mlima, kisha ikapanda. "Wandera," aliita, "wewe uliyenifungua tumbo. Wandera, umetoka bila kuagwa. Nani alikufungia mlango?" Na wale watatu wakamfuata, Mama Owere kwa Kidhopadhola chake, mwingine kwa Kiteso, kila mmoja akimwita kwa jina kijana ambaye hawakumjua. Vumbi likashuka kutoka kwenye boriti.

Walipomaliza, ikaonekana Bwana Jayanti amesahau kuwasha kamera. Alikuwa amesimama tu, mkono hewani. Akaomba msamaha, akaomba warudie. Mara ya pili kamera ilizunguka lakini utepe wa mashine ya kunasia sauti ukajisokota. Akaomba tena, akiona haya. Mama akasema hapana neno. Mara ya tatu kila kitu kilikwenda, na ile mara ya tatu ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, mama amepiga magoti kwenye mbegu za pamba, kitambaa kimemtoka kichwani. Mzimu pale kwenye ngazi alikuwa na mistari miwili kwenye unga wa mashavu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya toroli, kifua mbele. Nilitamani kumwambia kila mtu, huyo ni mama yangu. Mara tatu, na hata moja haikupungua uzito.

Kesho yake alitupiga ile picha kwenye studio yake. Mama alikaa ncha moja ya benchi, akaniweka ncha nyingine. Bwana Jayanti akatuomba tusogeleane, mama akakataa. Nilidhani anataka pazia lenye maua lionekane lote, kwa kuwa nalo limo katika bei. Picha ninayo. Kati yetu pana nafasi ya mtu mmoja mzima.

Kwenye basi la kurudi mama alilala, mdomo wazi kidogo. Nilihesabu nguzo za simu mpaka Busia bila kikohozi hata kimoja kunikatiza.

Baba mkubwa alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alipenda hadithi za biashara, na alinipenda mimi kwa sababu nilizipenda. Jioni akirudi kutoka minada ya Molo alinisimulia jinsi alivyomzidi fulani akili, nami nilicheka panapotakiwa. Siku chache baadaye alikuwa uani anakunywa chai, mama amekwenda mtoni. Nikaona zamu yangu imefika. Nikamsimulia vile mama alivyomzidi akili Mhindi. Nilianza na soda, nikaja kwenye vifuu, dawa ya viatu na mzimu anayeogopa panya. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Nikamwambia wanawake waligoma kulia bila maiti, akasema wana haki. Nikamwambia mama akawatafutia maiti.

"Alimlilia nani?"

"Wandera," nikasema. "Alilitumia jina lake. Lilisikika kama kweli kabisa."

Akakitua kikombe chini, taratibu, kama kina yai ndani. "Mara ngapi?"

"Tatu. Nilihesabu mara mbili."

Kesho yake aliamka mapema, akavaa koti lake la minada, akapitia wazee wawili wa ukoo wakapanda basi la Tororo. Nilidhani wanakwenda kununua ng'ombe. Jioni walirudi mikono mitupu, nikamhurumia kwa kukosa biashara. Baba mkubwa hakumwambia mama neno lolote. Kulitaja jambo lile kungelileta bomani, na hilo ndilo aliloliogopa.

Sinema ilipelekwa ng'ambo kusafishwa. Miezi ikapita. Kila Ijumaa mama aliagiza nipite studio kuuliza, na kila Ijumaa Bwana Jayanti alinijibu "bado" huku akifuta miwani ambayo haikuwa chafu. Mama alinunua gomesi mpya, gauni la sherehe, yeye ambaye alishona kanga mpaka nyuzi zikawa nyingi kuliko kitambaa. Nilimwambia gharama hii haina faida, kazi imeshalipwa. Alikuwa anapanga samaki. Akasema, "Mtu akilia hajisikii, mwanangu. Nataka nikae nisikilize, nijue kama ilimfikia."

Ilionyeshwa Jumapili alasiri kwenye ukumbi mmoja mjini Tororo, shuka jeupe ukutani, mablanketi yaleyale madirishani. Watu walijaa. Mama na wenzake watatu walikaa mstari wa mbele na gomesi zao kama maharusi wanne. Mzimu alipotokea kwenye ngazi, watu wazima walipanda juu ya viti. Mashine ilipojiwasha, mtoto mmoja alitapika. Mimi nilijua toroli lilipo na nani anapiga vifuu, na bado nilijificha mkononi mwa mama. Mkono wake ulikuwa mkavu na umetulia.

Kisha madirisha kumi na mawili ya kinu, na mwanga ule wa tundu la bati, na mama akaingia. Aliinama mbele kwenye kiti chake. Ukutani akaweka mikono kichwani, akafungua kinywa.

Ikatoka kinanda. Kile kinanda kidogo cha Kihindi, cha kupuliza kwa mkono. Kilipiga wimbo wa taratibu, na juu yake mama yangu alifungua kinywa na kukifunga, akapiga magoti, kitambaa kikamtoka. Ukumbi ulitulia. Nyuma yetu mwanamume mmoja akasema kwamba huyo mama anaimba vizuri.

Mama Owere alianza kusimama, mama akamshika gomesi akamketisha. Wakatazama mpaka mwisho. Mzimu akalala. Nyumba ikawa kimya. Sinema ikaisha.

Bwana Jayanti alitungoja mlangoni, miwani yote miwili mkononi. Alieleza kwa sauti ya chini. Shemeji yako alikuja na wazee, alimwambia mama. Walikaa dukani kutwa. Walisema sauti ile ikitoka watu watakufa. Yeye ni mtu wa duka, nusu ya wateja wake wanatoka ng'ambo ile ya Busia. Utepe ulikuwa mmoja tu, akaingiza kinanda cha mama yake juu ya kilio.

"Nani alimwambia shemeji?" mama aliuliza.

Bwana Jayanti alikuwa muungwana. Alitazama juu, akatazama barabara, akatazama viatu vyake. Sehemu pekee ambayo hakutazama ni niliposimama mimi, na mama alijua kusoma bei kwenye uso wa mtu.

Tulitembea hadi kituo cha basi. Hakuniachia mkono. Tulipokuwa tumeketi kwenye basi, likiwa bado halijaondoka, akaniuliza, "Uliwaambia ni mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ulihesabu sawa," akasema.

Kikohozi kilianza kabla hatujafika mpakani. Hakunipiga, hakunisema, wala siku hiyo haikutajwa tena kati yetu. Alizeeka na kikohozi kile. Madaktari wa pande zote mbili walimpima kifua, wakakikuta kizima, wakatuandikia dawa ambazo nilizinunua kwa kupunguziwa bei. Baba mkubwa alikufa uzeeni, mama akamlilia, kilio kizuri kabisa, mara moja tu.

Nimekuja kuelewa pole pole, kwa mafungu, kama mtu anayelipa deni la duka. Pengo kwenye benchi nililielewa siku nilipopata mtoto wangu wa kwanza na watu wakaanza kuniita kwa jina lake.

Mwezi uliopita tulimzika mama. Wanawake walikuja kutoka pande zote, na kwa kuwa mimi ndiye mwanaye, walinipisha nianze. Nikasimama uani, nikaweka mikono kichwani. Nilimwita mama. Kisha nikamwita Wandera. Nikasikia waliokuwa wakinifuata wakisita. Binamu yangu, kitinda mimba wa Baba mkubwa, ambaye siku hizi ndiye mkubwa wa boma na ana mvi nyingi kuliko mimi, alinisogelea akaninong'oneza kwa upole kwamba uchungu umenichanganya, nimekosea jina.

Nilimwambia sijakosea, anipishe, nahesabu. Nikamwita Wandera mara tatu. Na kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nikarudia.